Nyumba na Jamii: Mkono wa Mchoraji Hufunzwa Kila Siku

Jioni inapoingia katika nyumba za askari wetu, mara nyingi huonekana jambo lile lile. Baba amerejea kutoka zamu, mama amekwisha kuondoa vyombo, watoto wamekwisha kuoga, na simu moja yagombewa na watu watano. Huyu ataka kutazama mpira, yule ataka kusikiliza nyimbo, na mdogo wa wote ataka kuchora kwa kidole juu ya kioo. Huyo wa mwisho ndiye hukaripiwa kwanza, akaambiwa aache kuchezea simu ya watu.

Juma hili nataka kumtetea mtoto huyo. Kadhalika nataka kuwaonyesha watu wazima kwamba uchoraji wa namna hiyo, ambao huitwa uchoraji wa kidijitali, ni kazi ya mikono kama kushona na kusuka mikeka, na kwamba mtu yeyote aliye tayari kufanya mazoezi machache kila siku aweza kuumudu. Sisemi hivi kwa kusikia. Nimelijua jambo hili kwa taabu, na yafaa nianze kwa kuwaeleza taabu yenyewe.

PICHA YA MAMA

Mama yetu alifariki mwaka 2019. Wakati huo mdogo wangu, ambaye ni askari, alikuwa Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, naye hakuwahi mazishi. Aliporudi likizo alikwenda kaburini, akakaa kimya, kisha akaniomba jambo moja tu: picha ya Mama ya kutundika katika nyumba yake kambini.

Tulipekua masanduku yote. Mama hakupenda kupigwa picha. Katika kila harusi yeye alikuwa jikoni, na palipopigwa picha ya ukoo alisimama nyuma ya watu warefu. Iliyobaki ilikuwa ile ya kitambulisho chake tu, ndogo kama stempu, nayo imekwaruzika kwa kukaa miaka mingi ndani ya kibindo. Tuliipeleka kwa mpiga picha akaikuza. Kadiri ilivyokuzwa ndivyo uso ulivyozidi kuvunjika vipande vya mraba, mithili ya mkeka uliofumuka, hata macho hayakutambulika kuwa ni macho.

Hapo mimi nikajitapa. Nilisema, "Usihangaike, nitamchora." Katika chuo cha ualimu nilizoea kuchora ramani na sehemu za ua ubaoni, na nikadhani uso wa mtu si kitu kigumu kuliko ramani ya Ziwa Victoria. Nilitia programu ya kuchorea katika simu yangu, nikachora jioni mbili, nikampelekea. Alinyamaza siku nzima. Kesho yake akaandika: "Dada, asante sana. Lakini huyu ni nani?"

Hakuuliza kwa dhihaka. Alidhani nimempelekea picha ya mtu mwingine kwa kukosea. Nawakiri wasomaji wangu kwamba nililia, na sababu haikuwa aibu peke yake. Niliona kwamba uso wa Mama waanza kutupotea sote, nami niliyeahidi kuurudisha nimeongeza kuupoteza.

VYOMBO VIPYA, SHERIA YA ZAMANI

Kosa langu lilikuwa kosa la kuruta anayetaka kupita mbele ya mgeni rasmi kabla hajajua kugeuka kushoto. Nilidhani simu itachora kwa niaba yangu. Simu haichori. Mkono ndio uchorao, na jicho ndilo liuongozalo mkono.

Vyombo hivi havikuanza jana. Mwaka 1963 huko Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu yake iliyoitwa Sketchpad, ambayo mtu aliweza kuchora mistari juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Kampuni ya Wacom ya Japani, ambayo vibao vyake vya kuchorea hutumiwa na mafundi wengi, ilianzishwa mwaka 1983. Programu ya Photoshop ilitolewa mwaka 1990, na mwaka 1994 ikaongezewa matabaka, yaani uwezo wa kuchora sehemu moja juu ya nyingine bila kuziharibu. Leo mambo hayo yote yamo katika simu ya kawaida.

Hata hivyo sheria ya kujifunza haijabadilika. Vincent van Gogh, mchoraji wa Uholanzi, alipoamua mwaka 1880 kuwa mchoraji alikuwa na umri wa miaka 27, na mkono wake ulikuwa bado mgumu. Alichukua mafunzo ya uchoraji ya Mfaransa Charles Bargue, akayanakili tena na tena, karatasi baada ya karatasi. Mwingereza David Hockney, aliyezaliwa mwaka 1937, alikuwa mchoraji mwenye sifa duniani alipoanza, yapata mwaka 2009, kuchora kwa kidole gumba juu ya simu. Umri wake ulikuwa umekwisha kupita miaka 70. Hakusema kwamba yeye ni bingwa asiyehitaji mazoezi. Alichora maua ya dirishani asubuhi baada ya asubuhi. Mwaka 2011 alichora kwa tableti jinsi majani yanavyochipua katika njia moja ya shamba huko Yorkshire, na picha 51 kati ya hizo zilitundikwa mjini London mwaka 2012.

Wala tusiseme kwamba hayo ni ya Wazungu wenye fedha. Jirani yetu wa Tanzania, Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968 hakungoja rangi za gharama kutoka Ulaya. Alitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari, na mtindo wake ukachukua jina lake hata leo. Alichukua chombo kilichokuwa karibu, akafanya kazi. Kwetu sisi chombo kilicho karibu ni simu.

UNAHITAJI NINI

Mahitaji si mengi. Ukiwa na simu, programu ya ibisPaint kutoka Japani yaweza kupatikana bila malipo, ingawa matangazo yatakusumbua kidogo. Ukiwa na kompyuta au tableti kubwa, iko programu ya Krita, ambayo haitozwi chochote. Programu hizi zikishaingizwa, unaweza kuchora hata pasipo intaneti.

Kidole chatosha kwa kuanzia, lakini ncha yake ni nene na huficha kile unachokichora. Nyumbani unaweza kutengeneza kalamu ya kioo kwa njia hii. Chukua kalamu ya wino iliyokwisha, utoe mrija wa wino. Tia pamba kidogo yenye unyevu katika ncha, iwe laini na ya mviringo. Kisha uzungushie mwili wa kalamu karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, ihakikishe kwamba inagusa pamba. Kioo cha simu huhisi umeme mdogo wa mwili, na alumini huupitisha kutoka mkononi hadi kwenye pamba. Angalia tu kwamba pamba ndiyo inayogusa kioo. Alumini ikigusa yaweza kukikwaruza.

Kwa mazoezi, fungua ukurasa mdogo wenye pikseli 1,000 hivi kila upande, ili simu isielemewe. Ukitaka kuchapisha picha katika karatasi ya A4 kwa ubora wa kutosha, yafaa ukurasa uwe na pikseli 2,480 kwa 3,508. Jambo hili liamuliwe kabla ya kuanza, kwa maana picha ndogo ikikuzwa baadaye huvunjika kama ile ya kitambulisho cha Mama.

DAKIKA ISHIRINI

Watu wengi huuliza, "Nitapata wapi nafasi?" Jibu ni kwamba nafasi kubwa haihitajiki. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio ya kukariri na kuyachapisha mwaka 1885, aliona kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa huzaa matunda kuliko marudio mengi yaliyolundikwa katika siku moja. Waalimu wengi wamelithibitisha jambo hilo madarasani. Kwa hiyo dakika 20 kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumapili.

Lakini dakika hizo sharti ziwe na shabaha. Mwaka 1993 K. Anders Ericsson na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Waliokuwa hodari zaidi ndio waliokuwa wamekusanya saa nyingi zaidi za mazoezi ya peke yao, yaani mazoezi ya kutafuta kosa na kulisahihisha, wala si ya kupiga nyimbo walizozijua tayari. Afande anayefundisha shabaha aelewa maana yake. Askari akifyatua risasi 100 pasipo kwenda kutazama ubao amepoteza risasi 100.

Mimi nilianza Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na mpango wangu ulikuwa huu. Dakika 5 za kwanza ni za kulegeza mkono. Dakika 10 ni za zoezi la siku. Dakika 5 za mwisho ni za kutazama nilichokifanya, kuandika kosa moja tu, na kuihifadhi picha kwa tarehe yake. Kosa hilo moja ndilo lilikuwa zoezi la kesho.

MPANGO WA MWEZI WA KWANZA

Juma la kwanza ni la mistari. Tia nukta mbili, uziunganishe kwa mstari mmoja bila kusita. Fanya hivyo mara 20. Kisha chora duara 20, zilizo ndogo na zilizo kubwa, halafu masanduku. Zoezi hili lachosha, nami sikatai. Kwata nayo huchosha, lakini hakuna gwaride pasipo kwata.

Juma la pili ni la mwanga na kivuli. Chagua rangi nyeupe, nyeusi, na tatu za katikati, basi. Weka yai jeupe mezani karibu na taa moja, ulichore. Utaona sehemu tano: pale mwanga unapopiga, pale unapofifia, kivuli chenyewe, mwanga hafifu unaorudi kutoka mezani na kugusa upande wa chini, na kivuli kinachoanguka juu ya meza. Anayeweza kuchora yai likaonekana mviringo amekwisha kushinda nusu ya safari, maana paji la uso ni yai, shavu ni yai, na ncha ya pua ni yai dogo.

Juma la tatu ni la vitu vya nyumbani: kikombe, sufuria, kiatu cha kazi, kitunguu. Hapa ndipo ujifunze matabaka. Fikiria karatasi nyembamba za kioo zilizopangwa moja juu ya nyingine. Katika la chini chora mistari ya awali. Juu yake paka rangi za jumla. Juu yake tena weka vivuli, na mwishoni mwanga. Ukikosea kivuli wafuta tabaka lake peke yake, na kikombe chako kinabaki salama.

Juma la nne ni la uso. Yashike haya machache. Macho ya mtu mzima huwa katikati ya urefu wa kichwa, wala si juu kama wengi tunavyodhani. Kati ya jicho na jicho pana nafasi ipatayo jicho moja. Masikio huanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua. Katika picha yangu ya kwanza nilikuwa nimemwekea Mama macho karibu na kitambaa cha kichwa. Si ajabu kwamba mwanawe hakumtambua.

Aliye na picha ya kuiga aigawe katika miraba, na ukurasa wake augawe vivyo hivyo, kisha achore mraba mmoja mmoja. Si udanganyifu. Van Gogh mwenyewe mwaka 1882 alitumia fremu yenye nyuzi ili apate vipimo sahihi. Lakini siku moja katika juma uchore pasipo miraba, jicho lisije likawa tegemezi.

MAKOSA YANAYOTUREJESHA NYUMA

La kwanza ni kutengua kila mstari. Programu ina alama ya kurudi nyuma, na mwanafunzi huibonyeza mara 50 akitafuta mstari mmoja mzuri. Mkono wake haujifunzi kitu. Katika dakika za mazoezi ya mistari, alama hiyo iwe haramu.

La pili ni kukuza picha mpaka uone ukope mmoja. Ukope utakuwa mzuri, na uso utakuwa umepinda. Kila baada ya dakika chache irudishe picha iwe ndogo, uitazame yote.

La tatu ni kubadili brashi. Programu ina mamia ya brashi, na kila moja hutushawishi. Chagua mbili, moja ya ncha ngumu na moja laini, uishi nazo miezi mitatu.

La nne ni kuliamini jicho lililochoka. Igeuze picha, kushoto kuwe kulia, kama katika kioo cha kujitazamia. Kosa ulilolizoea litajitokeza mara moja. Wachoraji wa zamani walitumia kioo cha kawaida kwa kazi hiyo hiyo.

La tano ni kukata tamaa kwa kukosa siku moja. Umeme hukatika, mtoto huugua, zamu hubadilishwa ghafla. Nilijiwekea kanuni kwamba siku moja yaweza kupotea, lakini mbili mfululizo zisipotee. Simu ilipokosa chaji nilichora kwa penseli nyuma ya daftari kuukuu, na niliihesabu kuwa ni siku ya mazoezi, kwa kuwa mkono ni ule ule.

RANGI YA NGOZI YETU

Katika mwezi wa tano nilidhani nimefika. Nilimchora Mama tena, nikampelekea Mama Mdogo, ambaye ni mdogo wake Mama wa tumbo moja. Alitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu, macho ni yake. Lakini mbona umempaka masizi?"

Alisema kweli. Kila palipokuwa na kivuli mimi nilikuwa nimeongeza rangi nyeusi tu. Ngozi yetu haiko hivyo. Mketishe mtu karibu na dirisha umtazame vizuri. Utaona wekundu ndani ya hudhurungi yake, hasa katika masikio na pembeni mwa pua. Utaona kwamba paji la uso linapong'aa nje mchana huchukua rangi ya mbingu kidogo, likaelekea samawati. Na kivuli chini ya kidevu hupata rangi ya nguo aliyoivaa. Basi anza na hudhurungi yenye wekundu. Katika kivuli tumia hudhurungi iliyokoza yenye zambarau kidogo, na nyeusi kabisa iache kwa mboni za macho. Kwa miezi miwili nilichora ngozi tu: mikono yangu, miguu ya wanangu, shingo ya jirani aliyekubali kukaa nami akichambua mchele.

Mama Mdogo akawa mwalimu wangu wa pili. Kila nilipopeleka picha alikumbuka jambo jipya, kwamba nywele za mbele zilianzia chini zaidi, kwamba jicho la kulia lilikuwa dogo kuliko la kushoto. Mengi ya hayo hayakuwamo katika kitambulisho. Yalikuwamo kichwani mwake tu, na kama tungalichelewa yangalipotea pamoja naye. Ndiyo maana nawahimiza wenye wazee nyumbani wafanye kazi hii wangali hai. Keti na bibi, umchore akiwa anazungumza. Usipopata picha nzuri utapata mazungumzo.

TAHADHARI KWA ASKARI NA JAMAA ZAO

Sisi tunaoishi na askari tuna wajibu wa ziada. Usichore lango la kambi, ghala, magari ya kazi, silaha, wala mpangilio wa nyumba, hata kama ni kwa mazoezi tu. Usitumie kambi kuwa mandhari nyuma ya uso wa mtu. Picha za simu zaweza kubeba ndani yake mahali zilipopigwa, kwa hiyo picha unayoiga isitumwe ovyo kwa watu usiowajua. Askari aliye zamu haruhusiwi kushughulika na simu, na mazoezi ya kuchora si udhuru. Yako mayai, vikombe na nyuso za kutosha nyumbani.

Kuhusu watoto, yafaa wazazi wapange. Mtoto apewe dakika zake 20 zinazojulikana, baada ya kazi za shule, akae penye mwanga wa kutosha, naye aonyeshe alichokichora. Akiisha kuonyesha, usimwambie tu kwamba ni kizuri. Muulize ni kosa gani ameliona mwenyewe. Tena baba asione haya kuketi naye. Mtoto anayemwona baba yake akichora yai baya leo na yai zuri zaidi mwezi ujao amejifunza jambo litakalomfaa hata katika hesabu.

MWISHO WA HABARI YANGU

Mdogo wangu alipata likizo tena katikati ya mwaka 2021. Wakati huo nilikuwa na picha zaidi ya 300 zilizohifadhiwa kwa tarehe zake, nyingi mbovu. Ile ya Mama niliichora upya kwa majuma sita, kwenye ukurasa mkubwa, tabaka kwa tabaka. Sikumtumia. Nilimngoja aje, nikampa simu mkononi nikaenda kuangalia chai.

Niliporudi alikuwa bado ameishika. Mara hii hakuuliza ni nani. Alisema, "Dada, Mama alikuwa akibana mdomo upande huu wa kushoto kabla ya kucheka."

Nilikaa chini, nikafungua tabaka la juu, nikalisahihisha akiwa ananiangalia begani. Tulifanya hivyo mara nne, yeye akisema juu kidogo, chini kidogo, mpaka aliponyamaza. Kesho yake tuliichapisha, na sasa imetundikwa katika nyumba yake. Ile ya kwanza, ya Februari 2020, sikuifuta. Huifungua siku ambazo mkono wangu unakataa, nikakumbuka nilikoanzia.

Ndugu wasomaji, juma hili kazi yenu ni moja. Chora yai moja kila siku kwa dakika 20, andika kosa moja, hifadhi kwa tarehe. Jumamosi yatazameni yote saba kwa pamoja, familia nzima, kutoka la kwanza hadi la mwisho. Haba na haba hujaza kibaba.

Juma lijalo tutazungumzia kuhifadhi mahindi na maharage yasiingiliwe na fukusi. Hadi hapo, nawatakieni afya njema majumbani mwenu, na wale walio lindoni warudi salama.